Shemeji anataka kadi yangu akatupatie hoteli ya kifahari kwa bei ya mnada

Shangazi, shikamoo.

Naishi Columbus, Ohio, na mume wangu na vijana wetu wawili, mmoja ana miaka 14 na mwingine 16. Binti wa kaka yangu anaolewa Chicago, Jumamosi ya tarehe 10 Oktoba. Nikaha mchana, sherehe usiku, na ukumbi uko ndani ya hoteli kubwa katikati ya mji. Kaka amezungumza na hoteli hiyo wakatenga vyumba vya ndugu kwa dola 279 kwa usiku, kodi haijaingia humo. Mwisho wa kuvichukua ni tarehe 9 Septemba.

Tutakwenda sisi wanne, pamoja na mama yangu mzazi anayekuja kutoka Tanga, na mama mkubwa, ambaye bado anasubiri usaili wa viza ubalozini Dar es Salaam. Mama magoti yanamsumbua. Tutaendesha gari, mwendo wa saa sita hivi, tulale Ijumaa na Jumamosi, turudi Jumapili. Nimepiga hesabu ya vyumba viwili kwa siku mbili nikaifunga ile kalamu.

Sasa yupo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Mambo ya kusafiri kwa bei ya chini ni yake, na anasema hakuna mwenye akili timamu anayelipa bei ya kwenye bango. Miaka ya nyuma alikuwa anaingia kwenye tovuti, anataja bei anayoitaka yeye, hoteli ya nyota nne kwa dola 60, na inakubaliwa. Januari iliyopita alilala Chicago hiyo hiyo, karibu na Michigan Avenue, nyota nne na nusu, dola 89. Picha tulizipata wote kwenye grupu la familia: bafu la marumaru, slipa nyeupe, dirisha linatazama ziwa.

Anachotaka ni nimpe kadi yangu ya mkopo, maana yake imejaa, aweke dau la dola 110 kwa kila chumba kwa usiku, vyumba vitatu, cha kwake kikiwemo. Cha kwake atanirudishia. Masharti ni kwamba jina la hoteli hulijui mpaka umelipa, na ukishalipa hakuna kurudishiwa wala kubadilisha.

Mume wangu yuko upande wa mdogo wake. Mama nilimweleza kwenye simu, akaniuliza, "Kwa hiyo unanunua mbuzi kwenye gunia, na kulipapasa gunia hamruhusiwi?" Halafu akauliza kama biashara hiyo ni halali, kwa sababu kinachouzwa hakijulikani. Nikabaki sina jibu.

Kaka sijamwambia lolote. Naogopa akisikia tunalala hoteli nyingine ataona tumemdharau mbele ya wakwe. Na shemeji kumnyima kadi naona haya, ndiye aliyetupokea uwanja wa ndege siku tulipofika nchi hii, tukakaa kwake mpaka tukapata pa kwetu. Lakini dola 279, Shangazi! Nifanyeje?

Mama Salim, Columbus

*

Marahaba, Mama Salim.

Tuanze na tarehe, maana katika barua nzima sioni aliyeitazama. Jumapili ya tarehe 11 Oktoba, asubuhi inayofuata harusi, ni siku ya Chicago Marathon. Ndizo mbio ambazo Kelvin Kiptum wa Kenya, Mungu amrehemu, alizimaliza mwaka 2023 kwa muda wa saa 2 na sekunde 35, akaweka rekodi ya dunia. Wanaokimbia ni zaidi ya watu 50,000. Wanaanzia Grant Park na kumalizia hapo hapo, wengi wao wanatoka miji mingine na nchi nyingine, na hawaji peke yao: huyu kaja na mke, yule na rafiki wa kumshikia koti. Wote wanataka kulala mahali ambapo mtu ataamka alfajiri atembee kwa miguu hadi pa kuanzia. Yaani hoteli hizo hizo ambazo shemeji anazipigia hesabu ya dola 110. Na Jumatatu yake ni sikukuu ya kitaifa, kwa hiyo hata asiyekimbia ana wikiendi ndefu.

Shemeji alilala Chicago Januari. Januari upepo wa ziwani pale unakata masikio, watalii hawapo, wafanyabiashara wamepunguza safari, na hoteli zimebaki na vyumba vitupu ghorofa baada ya ghorofa. Dola 89 ilikuwa bei ya mwezi huo. Simpunguzii sifa yake, alijua pa kutafuta na alipata chumba kizuri kweli. Lakini ufundi ule ule ukiupeleka kwenye wikiendi ya marathoni, hauna kitu cha kukamata. Bei za kificho, yaani za hoteli isiyotajwa jina mpaka ulipe, hutoka pale hoteli inapokuwa na vyumba inavyoogopa vitalala bila mtu, na wikiendi hiyo hoteli za katikati ya mji haziogopi.

Kuhusu miaka ya nyuma hakudanganyi. Tovuti ya mnada huo, Priceline, ilianza mwaka 1998 huko Connecticut, na mwanzilishi wake, Jay Walker, aliupatia mtindo ule hataza ya Marekani, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka huo huo. Ulikuwa unachagua eneo la mji, unachagua idadi ya nyota, unaandika bei yako na namba ya kadi, kisha unasubiri kidogo. Ikipatikana hoteli iliyokubali, kadi imekwisha katwa, na jina la hoteli unalisoma ukiwa tayari ni mteja wao. Hapo ndipo watu wetu wengi walipojikwaa, maana sisi kutaja bei tumezoea. Kariakoo unamwambia muuzaji elfu kumi, akisema "haya chukua," bado unaweza kuguna, ukaitazama nguo tena, ukaondoka zako. Kwenye tovuti ile "haya chukua" ilikuwa mwisho wa mazungumzo.

Na dau likikataliwa, hukuruhusiwa kupandisha bei papo hapo ukarudia. Ungoje saa 24, au ubadilishe kitu kingine zaidi ya bei: uongeze eneo, ushushe nyota, au usogeze tarehe. Wajanja wakapata mwanya hapo hapo. Tuseme mtu anataka nyota 4 River North, mtaa wa katikati ya Chicago. Anaanza na River North peke yake kwa dola 60. Imekataa. Anaongeza eneo la pembeni ambalo anajua fika halina hata hoteli moja ya nyota 4, kwa hiyo hawezi kutupwa huko, lakini mashine inahesabu kuwa amebadilisha ombi. Anapandisha hadi 66. Imekataa tena, anaongeza eneo jingine la namna hiyo hiyo, anakwenda 72. Anapanda hivyo ngazi kwa ngazi, usiku huo huo, mpaka mahali inapoitikia. Aliyejua ramani ya maeneo yale kichwani alikuwa na mali. Nadhani shemeji wako alikuwa mmoja wao, na sishangai kwamba bado anaikumbuka miaka ile kwa raha.

Mnada huo haupo tena. Wa tiketi za ndege Priceline waliufunga mwaka 2016, na wa hoteli nao ukafuata baadaye. Kilichorithi nafasi yake ni hoteli iliyofichwa jina: Priceline wanaiita Express Deals, Hotwire wanaiita Hot Rate, na Uingereza lastminute.com wana kitu kama hicho. Unaona eneo, nyota, alama za wageni na baadhi ya huduma, na bei wanaitaja wao. Wewe unakubali au unaacha. Kwa hiyo shemeji akisema ataweka dau la dola 110, muulize kwa upole ataliweka wapi. Kama ana maana ya kukaa macho akisubiri bei ya kificho ishuke hadi hapo, basi ni kusubiri tu huko, na kadi yako haihitajiki kwa kusubiri.

Kwa nini hoteli inaficha jina? Chumba kisicholala mtu usiku wa leo, kesho huwezi kuuza usiku wa jana. Hoteli ingekitoa hata kwa nusu bei. Lakini ikitangaza nusu hadharani, kampuni iliyosaini nayo mkataba wa mwaka mzima itadai nusu hiyo, na mgeni aliyelipa bei kamili atashuka mapokezi na simu mkononi. Basi inauza nusu bei bila kutaja jina, na anayenunua ni mtu asiyejali ataangukia wapi. Kile unachopunguziwa ni malipo ya kukubali kutochagua. Wewe na mumeo mkiamua kuwakimbia hao vijana wikiendi moja ya Februari, hamna cha kuchagua, na ningekuhimiza umpe shemeji kazi hiyo kesho. Kwa harusi hii mna mambo ya kuchagua chungu nzima.

Cha kwanza ni vitanda. Chumba cha namna hii kwa kawaida kinahakikishiwa watu wazima wawili basi, na kitanda kinaweza kuwa kimoja kikubwa au viwili, unavyobahatika. Unaweza kuomba, na wanaweza kukuitikia, lakini hawajakuahidi. Mgeni wa bei ya kificho ndiye anayepangiwa mwisho, na kinachobaki mwisho ni kile cha jirani na lifti au kinachotazama ukuta wa jengo la pili. Pointi za uanachama za Marriott au Hilton kwa kawaida hupati, kwa sababu hukununua kwao. Kwa kijana haya si kitu. Lakini umeniambia magoti ya mama. Hoteli nyingi za mjini bafu lina beseni refu la kuogea, ukingo wake unakaribia goti, na bomba la mvua liko ndani ya beseni hilo. Mama ataupanda vipi ukingo huo asubuhi ya harusi, sakafu imelowa? Ukishaijua hoteli unapiga simu unaomba chumba chenye bafu la kuingia moja kwa moja, au chenye vyuma vya kujishikia ukutani. Hoteli usiyoijua huwezi kuipigia.

Cha pili ni viza ya mama mkubwa. Hapa sina maneno mengi. Huwezi kununua kisichorudishwa kwa ajili ya mtu ambaye hajapata ruhusa ya kuingia nchini.

Halafu mapokezi yenyewe. Hata chumba kikiwa kimelipwa chote, wataomba kadi ya kushikilia amana ya vitu vya ziada, dola 50, dola 100, wengine zaidi. Kadi ya mkopo ikishikiliwa hivyo utaona tu nafasi yako ya kukopa imepungua kwa muda. Kadi ya benki ikishikiliwa, ni hela yako mwenyewe imekaa kwao, na inaweza kuchukua siku kadhaa baada ya kuondoka ndipo uione tena. Jina la aliyeandikishwa lazima lilingane na kitambulisho cha anayesimama pale mezani. Kwa hiyo chumba cha wazee, popote mtakapokipata, kisiandikwe jina la mama, mwenye pasipoti ya Tanzania mkononi na kadi hana. Kiandikwe jina lako, na uwe naye wakati wa kuchukua funguo.

Na bei. Tangu tarehe 12 Mei 2025 kanuni ya FTC, tume ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia haki katika biashara, inalazimisha bei ya malazi inayotangazwa iwe imejumuisha ada zote za lazima. Zamani ungeona dola 110, ukifika mapokezi unaambiwa kuna ada ya hoteli ya dola 35 kila usiku. Hilo limepungua sana. Lakini kodi za serikali bado wanaruhusiwa kuziongeza mwishoni, na za Chicago ni zaidi ya asilimia 17. Maegesho hayamo, kwa kuwa ni hiari yako kuja na gari. Katikati ya Chicago kuegesha hotelini si ajabu kufika dola 70 kwa usiku. Nyota nazo usizitegemee mno. Marekani hakuna idara ya serikali inayozigawa, kila tovuti ina mizani yake, na hoteli ya nyota 4 kwa huyu unaweza kuikuta na tatu na nusu kwa mwingine.

Sasa nije kwa kaka yako, maana wewe umeliona suala lake kuwa la heshima, mimi naliona pia la hela. Kutenga vyumba vya harusi huku kuna namna mbili. Ipo ambayo hoteli inavitenga kwa hisani: visipochukuliwa hadi tarehe ya mwisho, inavirudisha sokoni na hakuna anayedaiwa. Na ipo ya mkataba, ambayo mwenye harusi amesaini kwamba sehemu fulani ya vyumba, mara nyingi asilimia 80, lazima ijae. Visipojaa, pengo analilipa yeye. Harusi yenye ukumbi ndani ya hoteli hiyo hiyo mara nyingi huwa na mkataba wa pili huu, kwa sababu ukumbi, chakula na vyumba vimekwenda kwenye bei moja.

Fikiria basi shemeji afanikiwe kwelikweli, apate vyumba vitatu vya kificho, na ndugu wengine kwenye grupu lenu wakiona picha wamfuate. Mtakuwa mmeokoa hela zenu, na kaka atakaa na ankara ya vyumba vitupu wiki ya kumwoza binti yake. Hata ikatokea, kama inavyotokea, kwamba hoteli ya kificho ni hiyo hiyo ya harusi, chumba chenu huenda kisihesabiwe kwenye hesabu yake, kwa sababu hakikupitia kwake. Ndugu wengi hawalijui hili, na kaka huenda ameona vibaya kulitangaza.

Mpigie leo. Usianze na habari ya bei. Mwulize, "Kaka, vyumba mlivyotenga, visipojaa unadaiwa?" Jibu lake litakuonyesha pa kukaza na pa kulegeza.

Mimi ningefanya hivi. Chukua chumba kimoja cha harusi chenye vitanda viwili vikubwa, ulale wewe, mama na mama mkubwa. Wazee wako ghorofa chache tu juu ya ukumbi; wakichoka saa nne usiku wanapanda lifti, hakuna anayetafuta gari wala anayetembea kwenye baridi. Uliza masharti ya kufuta, na uliza kama chumba hicho mtu wa tatu anaongezewa ada. Siku mbili ni dola 558. Kwa hesabu ya mezani ongeza asilimia 20 ya kodi, ifike kama dola 670. Vyumba viwili ungetoa kama 1,340. Viza ya mama mkubwa isipotoka, chumba kinabaki na kazi yake, wewe na mama mmo.

Baba Salim na vijana si lazima walale mjini. Watafutie hoteli inayojulikana kwa jina, ya kufutika bila gharama, nje ya pilikapilika ya marathoni. Rosemont, karibu na uwanja wa ndege wa O'Hare, ni mahali pa kuanzia: hoteli ni nyingi, maegesho kwa kawaida ni nafuu kuliko ya katikati ya mji, na treni ya Blue Line inafika mjini na inatembea usiku kucha. Gari likae huko huko baada ya kuwashusha wazee, maana Jumapili asubuhi barabara nyingi za katikati zitafungwa kwa ajili ya wakimbiaji. Hilo pia lipangieni: mkitaka kuondoka Jumapili, wazee washuke na mizigo baada ya barabara kufunguliwa, au waje kwa treni. Kuwafuata na gari saa mbili asubuhi msijaribu.

Na hapo ndipo shemeji anapopata kazi yake. Ukishashika hicho chumba cha kufutika, mwambie aendelee kuwinda bei za kificho za Rosemont na vitongoji vya jirani hadi wiki yenyewe. Atafute akiandika watu 3, asiandike 2 halafu mkafike watatu. Akiona kitu, alinganishe kwanza eneo, nyota, huduma na alama za wageni na orodha ya kawaida ya hoteli zenye majina; mara nyingi zinabaki mbili au tatu tu zinazofanana, na mtu mwenye jicho lake anaweza kukisia ni ipi. Priceline wana pia mtindo wanaouita Pricebreakers, unaonyeshwa hoteli tatu kwa majina na unajua utapata mojawapo. Kwa watu kama ninyi huo ni afadhali, kwa kuwa unaweza kuzisoma zote tatu na kujiuliza kama unaweza kuishi na ile mbaya kuliko zote. Akipata nafuu ya maana, mnafuta kile cha kwanza kabla muda wa kufuta haujapita. Akikosa, hamjapoteza. Kitanda kikiwa kimoja, vijana wa miaka 14 na 16 watalala chini kwenye blanketi wakiwa na simu zao, na asubuhi hawatakumbuka.

Swali la mama la halali siwezi kulijibu, si kazi yangu. Najua tu kwamba wanavyuoni wanazungumzia gharar, yaani kuuza kisichojulikana, na wanapima kutojulikana huko ni kwa kiasi gani. Mpelekeeni sheikh wenu swali likiwa zima: eneo linajulikana, daraja linajulikana, tarehe na bei vinajulikana, jina ndilo halijulikani hadi mlipe. Msimpelekee neno "dau" peke yake, atawajibu kuhusu kamari.

Imebaki kadi. Shemeji aliwapokea uwanja wa ndege na kuwalaza kwake, hilo ni deni la wema na nafurahi hulisahau. Lakini kadi iliyojaa ni habari, Mama Salim. Mtu ambaye kadi yake imejaa, akikuambia cha kwake atakurudishia, ana nia njema na hana hela. Chumba chake kisichorudishwa kikikaa kwenye kadi yako, riba inakukimbiza wewe, na kila mkikutana mezani mtakuwa na jambo msilolisema. Ukitaka kulipa wema, lipa wazi: mwambie alale na kaka yake na vijana, kitanda chake umekigharamia wewe kama zawadi, hakuna kurudishiana. Hapo mtafute chumba cha watu 4, na tena chenye jina. Kama anataka chumba cha peke yake, anunue mwenyewe kadi yake ikipungua. Jambo hili aliseme mumeo. Shemeji kuambiwa na kaka yake ni mazungumzo ya nyumbani, kuambiwa na wewe itakuwa habari ya grupu.

Ukipiga simu hotelini omba idara ya mauzo ya vikundi. Mapokezi wanaona chumba na bei tu, masharti ya mkataba wa kaka yako hawayaoni. Taja jina la harusi na tarehe, omba vitanda viwili na bafu la kuingia moja kwa moja, na ukiambiwa sawa, omba waliandike kwenye barua pepe. Fanya hivyo mapema, maana tarehe 9 Septemba ikipita, visivyochukuliwa vinarudi sokoni kwa bei ya wiki ya marathoni.

Shangazi